Kura imeniangukia mimi: mwongozo kamili wa kuitisha baraza la wananchi katika wadi

Mkutano wowote wa kushirikisha umma katika wadi yetu naweza kukuandikia orodha ya mahudhurio kabla viti havijapangwa. Atakuwapo mzee wa mtaa. Atakuwapo mama wa chama aliyeambiwa aje na watu kumi. Watakuwapo vijana sita wa mheshimiwa, mwalimu mstaafu na faili lake, na mimi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6 nchini Kenya. Ukiwagawa kwa wadi 1,450 unapata zaidi ya watu 32,000 kwa kila wadi. Sisi tulikuwa tukijaa sitini, na mwaka uliofuata ni wale wale sitini.

Kwa muda mrefu niliamini tatizo ni serikali kutusikiliza kwa sikio moja. Kisha siku moja, baada ya mimi kusimama na kulalamika kwa dakika tano nzima, afisa mmoja wa kaunti akaniuliza: "Na wewe unasemea nani?" Alikosa adabu, lakini swali lake lilikuwa halali. Sikuwa na jibu.

Mwongozo huu ni jibu nililolipata baadaye. Ni namna ya kuitisha baraza ambalo watu wake wameokotwa kwa bahati nasibu, hawakujileta wala hawakuletwa, na namna ya kulisukuma jambo waliloamua hadi lisomeke kwenye bajeti ya kaunti. Nimeuandika kwa sheria za Kenya. Kuna kipande cha Tanzania mbele.

Kura kabla ya sanduku

Neno kura tumelipata kwa Waarabu, na asili yake si karatasi ya kutia alama. Ni kuchagua kwa bahati. Ndiyo maana tunasema "kura imemwangukia fulani". Athene ya kale ilijaza baraza lake la watu 500 kwa njia hiyo hiyo. Na neno baraza, kwa sisi wa Pwani, ni kile kikalio cha mawe na chokaa mbele ya nyumba, anapokaa yeyote anayepita akiwa na nafasi. Alipokuja mkoloni likageuka baraza la chifu: mmoja anasema, wengine wanapiga makofi. Vikao vingi vya kaunti leo vimerithi lile la chifu, sio lile la mawe.

Mfano unaotajwa sana ni wa Ireland. Mwaka 2016 waliunda Baraza la Wananchi la watu 99 waliookotwa kwa bahati nasibu, kwa kupima jinsia, umri, eneo na hali ya maisha, likiongozwa na Jaji Mary Laffoy. Lilipewa suala la utoaji mimba, lililoingizwa katika katiba mwaka 1983 na ambalo wanasiasa wa kule walikuwa wakilikwepa kwa muda mrefu. Kwa wikendi tano, hotelini Malahide karibu na Dublin, waliwasikiliza madaktari, wanasheria, na wanawake wenye misimamo tofauti kabisa. Mapendekezo yalikwenda kwa kamati ya Bunge, kisha kwenye kura ya maoni ya 25 Mei 2018, ambapo asilimia 66.4 walikubali katiba ibadilishwe. Jibu lao ni lao. Mombasa au Kisumu pengine tungetoka na jingine. Ninachokitaka mimi ni njia waliyopita.

Njia yenyewe ina mashimo, na ni vizuri kuyajua kabla ya kuanza. Huko huko Ireland, mapema 2018, wajumbe saba waliondolewa baada ya kugundulika kwamba aliyetumwa kuwatafuta aliwapata kwa kupiga simu kwa watu anaowajua badala ya kubisha milango. Ufaransa ilikusanya watu 150 mwaka 2019 kujadili tabianchi, Rais Macron akaahidi kuyapeleka mapendekezo yao bila kuyachuja, kisha yakachujwa. British Columbia, kule Kanada, baraza la mwaka 2004 lilipendekeza mfumo mpya wa uchaguzi, wapigakura wakaukubali kwa asilimia 57.7, na ukafa, kwa sababu kiwango kilichowekwa kilikuwa asilimia 60.

Hata kwetu si kitu kigeni. Mwaka 2015 Watanzania wapatao 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu walikusanywa Dar es Salaam kujadili mapato ya gesi asilia yatumiweje. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba mwananchi wa kawaida hawezi.

Hatua ya kwanza: swali moja, la pesa, lenye mipaka

Baraza linakufa kwenye swali. "Tufanye nini kuboresha wadi yetu?" ni swali la kupigia picha. Watu watasema maji, barabara, vijana, usalama, na mtarudi nyumbani.

Fungua kwanza Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 uone nani anashika nini. Kaunti ina zahanati, masoko, mitaro, taka, maji, barabara za kaunti, shule za chekechea. Serikali ya kitaifa ina polisi, shule za msingi na za upili, barabara kuu. Ukiitisha baraza zuri la kuiuliza kaunti kuhusu polisi, umewapa njia ya kutokea mlangoni kabla hujaingia.

Swali letu lilikuwa hivi: "Kwenye mwaka ujao wa fedha, kaunti ianze na lipi katika wadi hii: mtaro wa barabara ya sokoni, chumba cha kujifungulia cha zahanati, au taa za barabarani? Na kwa sharti gani?" Hayo maneno manne ya mwisho ndiyo yaliyotuokoa, utaona huko mbele.

Hatua ya pili: kalenda, ambayo wengi huifikia imeshafungwa

Makosa yangu ya miaka mitatu yalikuwa hapa. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, kwa hiyo mwezi wa Mei na Juni ndipo joto linapanda, redio zinazungumzia bajeti, na sisi tunakimbilia ukumbini na mabango. Wakati huo keki imeshakatwa, tunabishania makombo.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe, na ziandike ukutani. Kufikia 1 Septemba kaunti iwe imewasilisha bungeni mwake mpango wa maendeleo wa mwaka, yaani miradi ya mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata. Kufikia 28 Februari, waraka wa mkakati wa fedha, unaogawa viwango kwa idara. Kufikia 30 Aprili, makadirio ya bajeti. Kufikia 30 Juni, bajeti iwe imepitishwa. Juu ya yote kuna ule mpango wa miaka mitano ambao maafisa huuita CIDP. Mradi usiokuwamo humo wana haki ya kuukataa, kwa hiyo usome kabla ya kutunga swali.

Kwa hesabu hiyo baraza likae mwishoni mwa Juni au Julai. Jambo lenu liingie kwenye mpango wa Septemba, kisha mlilinde Februari na Aprili. Na ukitaka mtaro mvua za masika zikukute nao, hesabu karibu miaka miwili. Najua inaudhi.

Hatua ya tatu: omba karatasi mapema

Wajumbe hawawezi kuamua bila tarakimu. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinakupa haki ya kuomba nyaraka, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kueleza sababu. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Likiwa jambo la uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Wakinyamaza, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman.

Barua iwe fupi na ombi liwe na umbo. Usiombe "taarifa zote za miradi". Omba: "Orodha ya miradi ya wadi hii iliyotengewa fedha katika miaka mitatu iliyopita, kiasi kilichotengwa, kiasi kilicholipwa, na jina la mkandarasi." Peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili wakupigie muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Katibu muhtasi akisema bosi hayupo, mwambie muhuri hauhitaji bosi. Barua isiyo na muhuri ni hadithi tu. Ukiwa nao, hizo siku 21 zinaanza kuhesabika.

Hatua ya nne: kura yenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo roho ya shughuli, na ndipo watu hupenda kuiba.

Tuliigawa wadi kwa mitaa sita. Kila mtaa tulitaka milango 30 ya kualika. Nimesema milango, sio nyumba: nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita yaweza kuwa na familia sita, na ukihesabu nyumba utampata mwenye nyumba peke yake huku wapangaji wakipotea. Tulichagua pa kuanzia kila mtaa, pengine msikiti, pengine kanisa, pengine bomba la maji, tukaokota kijikaratasi kati ya 1 na 10. Ikitoka 7, unaanza na mlango wa saba, kisha kila wa kumi unaofuata. Hakuna kuruka mlango kwa sababu kuna mbwa. Mlango ukifungwa unarudi jioni, na mara ya tatu siku nyingine.

Nani ndani ya mlango? Vitabu vya utafiti husema mwite mtu mzima ambaye siku yake ya kuzaliwa iko karibu zaidi. Jaribu hilo kwetu uone: nusu ya wazee kitambulisho kimeandikwa 1 Januari. Sisi tuliandika majina ya watu wazima wote wa mlango kwenye vijikaratasi, tukavikunja, mtoto wa mle ndani akaokota kimoja. Bila hivyo, kila mlango atatoka baba.

Waliokubali wakawa 94 kati ya 180. Sasa kura ya pili, hadharani. Tulitaka watu 36, yaani sita kwa kila mtaa: wanawake watatu na wanaume watatu, na kwa kila jinsia mmoja wa chini ya miaka 30, mmoja wa 30 hadi 50, mmoja wa zaidi ya hapo. Makopo sita ya maziwa ya unga mezani, uwanjani, saa kumi jioni, mtaa baada ya mtaa. Binti wa darasa la tatu, kitambaa machoni, anaingiza mkono. Mpango huu unawapa wazee viti vingi kuliko idadi yao mtaani. Ukitaka usawa zaidi ongeza kijana mmoja kila upande. Sisi tuliuacha hivyo kwa sababu hesabu nyepesi haigombewi.

Wasioruhusiwa kuingia koponi: viongozi wa vyama, wafanyakazi wa ofisi ya mwakilishi wadi, wanaonuia kugombea, na sisi waitishaji. Hilo la mwisho liliniuma, lakini ndilo lililotufanya tuaminiwe.

Kopo la tano la mtaa wa tatu likatoa jina la mama mmoja anayeuza mahamri asubuhi njiani kuelekea stendi. Akasimama, bado na unga kwenye leso. "Kura imeniangukia mimi? Mimi sijui kusoma jamani." Watu wakacheka, naye akataka kurudi zake. Mwezeshaji wetu akamwambia kila karatasi itasomwa kwa sauti. Akabaki.

Majina na namba za simu za waliokubali haziendi kwenye kundi la WhatsApp. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kuna mheshimiwa atakayewapigia mmoja mmoja usiku. Daftari likae kwa mtu mmoja.

Hatua ya tano: pesa, tusifichane

Muuza mahamri akikaa kwako siku mbili, amepoteza mauzo ya siku mbili. Ireland hawakuwalipa wajumbe wa lile baraza la 2016, na wengi waliacha njiani wakalazimika kutafutiwa mbadala. Usiseme "hii ni kazi ya kujitolea" kwa mtu anayekula kwa siku.

Hesabu yetu: shilingi 500 kwa mtu kwa siku, watu 36, siku mbili, ni 36,000. Chai na chakula kwa watu 48 pamoja na wasaidizi, shilingi 250 kila mmoja, siku mbili, ni 24,000. Jumla 60,000, bila kunakilisha karatasi. Ukumbi tulipewa bure na madrasa. Tulichanga kwa wafanyabiashara wa soko, hakuna aliyeruhusiwa kutoa zaidi ya 2,000, na orodha ya wachangaji pamoja na matumizi ikabandikwa mlangoni siku zote mbili. Mtu alitaka kulipia kila kitu peke yake. Tulimshukuru tukakataa, miezi minane baadaye picha zake zilikuwa kwenye kila nguzo ya umeme.

Kiasi kiwe kimoja kwa wote, kilipwe jioni, na kitangazwe tangu siku ya kubisha mlango. Mtu akisikia posho siku ya mwisho ataona rushwa. Akiisikia siku ya kwanza ataona nauli.

Hatua ya sita: siku mbili za kukaa

Chagua Jumamosi mbili zinazofuatana. Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi hazifai, na hiyo wiki ya katikati ina kazi: watu wanarudi mtaani, wanaulizwa, wanabishana nyumbani. Ukumbi uwe wa chini, asiyeweza kupanda ngazi asibaki nje.

Meza sita za watu sita, mitaa ikichanganywa. Kila meza ina mwezeshaji asiye na upande na karani wa kuandika. Kanuni zilikuwa chache: anayeanza kusema kila duru ni mdogo kuliko wote mezani, anayemaliza ni mkubwa. Hiyo peke yake ilibadili hewa. Kwa kawaida yetu mzee akishasema, kijana anabaki kuunga mkono. Ukigeuza mpangilio, mzee anasikiliza kwanza, wala heshima yake haijapungua kwa sababu neno la mwisho ni lake.

Jumamosi ya kwanza ni ya kusikiliza. Tuliwaita mhandisi wa kaunti, muuguzi, fundi mwashi wa mtaani aliyejenga nusu ya karo za wadi, na mkazi aliyefurikiwa. Kila mmoja dakika kumi na tano, kisha maswali yanatoka mezani, sio kwa mtu binafsi. Usimpe mtaalamu saa nzima, ataanza kusoma slaidi.

Mhandisi alieleza mtaro vizuri: saruji, upana, mita 400. Meza ya nne ikainua mkono, karani akasoma swali la yule mama: "Maji yakishaingia mtaroni, yataishia wapi?" Mhandisi akatazama ramani, akatazama mwenzake. Ramani iliishia nyuma ya shule ya chekechea. Miaka yote ya vikao, sisi wenye mafaili hatukuwahi kuuliza hilo. Yeye anapanga meza yake ya mahamri mahali ambapo maji husimama, anajua.

Jumamosi ya pili ni ya kuamua. Asubuhi meza zinaandika mapendekezo, baada ya chakula yanasomwa kwa sauti, yanayofanana yanaunganishwa, yanapigiwa kura ya siri. Tulitumia kunde: kila mjumbe punje tatu, vibakuli nyuma ya pazia, kila kibakuli na picha yake, na ruhusa ya kuziweka zote pamoja au kuzitawanya. Asiyejua kusoma hakuhitaji msaada wa mtu. Punje 108 zikahesabiwa mbele ya wote: mtaro 51, chumba cha kujifungulia 44, taa 13. Na sharti likapita karibu kwa sauti moja: mtaro usianze mpaka mchoro uonyeshe maji yanafika mkondoni.

Hatua ya saba: waraka mfupi, muhuri mwingi

Usiandike ripoti ya kurasa arobaini. Andika kurasa mbili: swali lilikuwa nini, watu walichaguliwaje, nani aliwaeleza nini, waliamua nini kwa punje ngapi, na walioshindwa walisema nini. Usiache hilo la mwisho. Chumba cha kujifungulia kilipungukiwa punje saba tu kuufikia mtaro, na waraka usemao "wananchi kwa kauli moja" wakati haikuwa hivyo utararuliwa na mtu wa kwanza aliyekuwapo.

Nakala ziende kwa msimamizi wa wadi, mwakilishi wadi, afisa mkuu wa mipango wa kaunti, karani wa bunge la kaunti, na jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti ambalo sheria ile ya 2012 inalitaka liwepo katika kila kaunti. Nakala tano zenu, mihuri mitano.

Mwakilishi wadi wetu alinuna mwanzoni, akiona tunamvua kiti. Tulimpelekea wajumbe watatu wa kura, mimi nikabaki nje. Walipotoka alikuwa ameahidi kulisema jambo lile kama lake. Liache liwe lake.

Wakinyamaza

Ngazi ya kwanza ni ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Haki hiyo ipo kwenye Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, na utaratibu umewekwa na sheria ya 2020. Liandike kwa Kiswahili ukipenda, na mwombaji aweke jina, namba ya kitambulisho na sahihi au dole gumba. Eleza mlishajaribu wapi kabla ya hapo (sasa unaona kazi ya ile mihuri), useme kama jambo liko mahakamani au la, na umalizie na maombi: mnataka bunge lifanye nini hasa. Soma kanuni za bunge lenu ujue kamati imepewa siku ngapi, uzihesabu.

Ngazi ya pili ni barabara. Ibara ya 37 inalinda kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka utoe taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku tatu wala zaidi ya siku 14 kabla, ukitaja jina na anwani ya mwandalizi, siku, saa na njia, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Ni taarifa, si kuomba ruhusa, na hiyo nayo ina nakala ya muhuri. Waandamanaji wawe na namba ya wakili kwenye mkono, imeandikwa kwa kalamu, kwa sababu simu huchukuliwa.

Sidharau barabara hata kidogo. Juni 2024 vijana walitafsiri Mswada wa Fedha kwa lugha za nyumbani, wakausambaza kwenye simu, wakajaza miji, na baada ya tarehe 25, siku Bunge lilipovamiwa na watu wakauawa kwa risasi, Rais Ruto alikataa kuusaini. Mswada ulianguka. Lakini angalia kilichofanyika kabla ya watu kutoka: waliusoma. Maandamano yana nguvu ya kuzuia. Kuandika mita 400 na mahali pa maji kuishia kunataka watu waliokaa chini.

Kule Goma, mashariki mwa Kongo, vuguvugu la vijana la Lucha lilianza mwaka 2012 na moja ya madai yake ya mwanzo yalikuwa maji ya bomba. Hawana mwenyekiti wa kununuliwa. Nasi tuliiga hilo: anayezungumza na vyombo vya habari hubadilishwa kila mara.

Kwa walio Tanzania

Nyinyi baraza mnalo tayari kisheria: mkutano mkuu wa kijiji, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, wa kila mkazi wa miaka 18 na zaidi, unaotakiwa kukaa kila miezi mitatu. Na chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Shida yake ni ile ile, wanaokuja ni wale wale. Kwa hiyo usianzishe kitu kipya. Mwombe mtendaji wa kijiji mihtasari ya mikutano minne iliyopita na taarifa ya mapato na matumizi, kisha pendekezeni mkutanoni kamati ndogo ya watu 12 kwa kura ya bahati, watatu kila kitongoji kama vipo vinne, ichambue jambo moja na kurudi na jibu.

Baada ya tarumbeta kulia

Mtaro uliingia kwenye mpango wa Septemba. Februari tulikwenda kuuangalia upo, Aprili tukaukuta umehamishiwa wadi nyingine "kwa makosa ya uchapaji", tukapeleka nakala zetu tano na wajumbe kumi na wawili, ukarudi. Kamati ya ufuatiliaji ni watu sita kutoka kwa wale 36, mmoja kila mtaa, waliookotwa koponi. Wanapima kwa kamba ya fundi kila Jumamosi mkandarasi akiwa kazini, wanaandika daftarini, wanapiga picha penye alama ya umbali.

Mpaka sasa zimechimbwa mita 180. Maji yanafika mkondoni, kwa sababu walianzia huko chini kama sharti lilivyotaka, lakini mbele ya stendi bado yanasimama, na meza ya mahamri imesogezwa hatua nane. Barua ya kuuliza mita 220 zilizobaki tumeipeleka Jumanne. Siku 21 zinaishia Jumanne ya wiki tatu zijazo.